Mtungi wa gesi haulipuki wenyewe
Moto unapozuka jikoni, majirani husema mtungi umelipuka, na wapo wanaorudi kwenye mkaa kwa hofu hiyo. Mtungi wa chuma umetengenezwa kustahimili shinikizo kubwa, na kwa kawaida hupasuka pale tu unapozingirwa na moto mkali kwa muda. Kinachowaka mara nyingi ni gesi iliyovuja kupitia mpira uliochakaa au rigaleta (kifaa cha juu ya mtungi kinachopunguza shinikizo la gesi) isiyokaa sawasawa, ikajikusanya chumbani hadi ikakutana na cheche.

Gesi hiyo, yaani propani na butani, ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa sakafuni na kutuama chini ya meza na makabati. Ndiyo maana kufungua dirisha la juu pekee hakutoshi, bali mlango nao hufunguliwa wazi. Kwa asili haina harufu, na ile tunayoisikia huongezwa makusudi ili ituamshe.

Ukiisikia, funga valvu ya mtungi na usiguse swichi yoyote, iwe ya kuwasha au ya kuzima, kwani zote hutoa cheche. Toka nje kwanza, ndipo upige simu. Nchini Tanzania namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Wanaopima uvujaji kwa njiti ya kiberiti (nao si wachache) wanacheza na roho zao, ilhali povu la sabuni likipakwa kwenye maungio hutoa mapovu papo hapo penye tundu.