Samaki hai kutoka nje: maswali kuhusu cheti, karantini na maji ya mfuko

Samaki wangu wamefika wakiwa wachangamfu na wanakula. Kwa nini wazuiliwe?

Kwa sababu uchangamfu si kipimo. Chukua virusi vya hepesi ya koi (samaki wa mapambo wa bwawani), yaani KHV. Ugonjwa wake huamka maji yakiwa kati ya nyuzi 16 na 28 hivi za Selsiasi. Aliyeambukizwa akikaa kwenye maji baridi kuliko hapo haonyeshi chochote: anakula, anaogelea, anasafirishwa. Maji yakipata joto, matamvua yanaanza kuoza kwa mabaka meupe, macho yanadidimia, ngozi inapoteza ute na kukwaruza kama msasa. Katika bwawa la koi vifo vinaweza kupita asilimia 80, na wanaopona hubaki wakibeba virusi. Muuzaji huenda hajakudanganya. Naye aliwaona wazima.

Cheti cha afya kinanihakikishia nini?

Kile kilichoandikwa tu. Hutolewa na mamlaka ya serikali ya nchi wanakotoka samaki, na viwango vinavyofuatwa na nchi nyingi ni vya Shirika la Afya ya Wanyama Duniani (WOAH). Tafuta spishi, idadi, shamba, na jina la kila ugonjwa uliochunguzwa. Kikisema tu "samaki wana afya njema", hakijakwambia kitu. Na samaki wakichanganywa njiani na wa shamba jingine, hicho cheti si chao tena.

Si wapimwe maabara tu, yaishe?

Hesabu inakataa. Ikiwa wagonjwa ni 2 katika kila 100, kuwanasa kwa uhakika wa asilimia 95 kunataka sampuli ya samaki 150 hivi kutoka kundi kubwa. Wagonjwa wakiwa 10 katika kila 100, samaki 30 hivi wanatosha. Ukipima watano na majibu yakawa safi, umejua kidogo sana. Tena virusi vilivyojificha mwilini mwa mbebaji vinaweza kukwepa hata kipimo cha PCR, kinachotafuta chembe za urithi za virusi. Hapo ndipo karantini inapoingia.

Karantini ifanyweje?

Kwa koi, tenga angalau siku 30, maji yakiwa nyuzi 23 hadi 25. Joto ndilo linalomtoa mgonjwa mafichoni, hivyo mwezi mzima kwenye maji baridi ni kupoteza muda. Changanya nao koi wawili watatu wa kwako wasio na historia ya ugonjwa. Wakiugua, umepata jibu. Tangi liwe na wavu, ndoo na pampu yake, na lihudumiwe la mwisho kila siku. Ukiongeza hata samaki mmoja katikati, anza kuhesabu upya.

Maji ya mfuko nimimine bwawani?

Hapana, na hapa ndipo wengi waangalifu wanapoteleza. Acha mfuko uelee ukiwa umefungwa juu ya maji ya tangi la karantini mpaka joto lilingane, kisha hamisha samaki kwa wavu. Maji yaliyobaki yatiwe klorini, yasimwagwe mtaroni wala mtoni. Vyombo vioshwe kwanza, maana uchafu hula klorini, halafu vilowekwe saa moja: mililita 40 za dawa ya klorini ya asilimia 5 katika lita 10 za maji. Suuza sana, mabaki kidogo tu yanaua samaki.

Wakianza kufa?

Usiuze, usihamishe, usitupe mtoni. Ita ofisi ya uvuvi au ya mifugo. Mpelekee mtaalamu samaki anayekaribia kufa, au aliyekufa muda huohuo akiwa kwenye barafu. Aliyeoza hana msaada. Ugonjwa ukishaingia kwenye mto hakuna wa kuutibu: kuanzia mwishoni mwa 2006, ugonjwa wa vidonda unaoletwa na vimelea vya Aphanomyces uliwapata samaki wa mito ya Chobe na Zambezi, kusini mwa Afrika, kwenye maji yasiyo na mipaka.

Mimi naweza kuambukizwa?

KHV haiwapati binadamu. Bakteria aitwaye Mycobacterium marinum, ambaye samaki wa tangi hubeba, huwapata. Huingilia mchubuko, na wiki kadhaa baadaye hutokea uvimbe mdogo au kidonda kisichopona kidoleni. Funika michubuko, vaa glavu, na usinyonye maji kwa mdomo unapoanzisha mpira wa kutolea maji. Ukienda hospitali, mwambie daktari kwamba unafuga samaki, maana dawa za kawaida za vidonda mara nyingi hazimgusi bakteria huyu.