Fitina Yenye Ukweli Ndani: Redio ya Ujerumani na Ushindani wa Washirika

Mwaka 1942 Wizara ya Vita ya Marekani iliwapa askari waliokuwa wakipelekwa Uingereza kijitabu cha kuwaelekeza. Humo walionywa kwamba Hitler anataka kuzifarakanisha nchi hizo mbili. Onyo lilikuwa na sababu, kwani fitina iliyoenezwa na redio ya Ujerumani ilikuwa na pa kushika.

Septemba 1940 Uingereza, ikiwa hoi, ilipokea manowari kuukuu 50 kutoka Marekani na kuipa nafasi ya kujenga vituo vya kijeshi Karibi na kwingineko kwa miaka 99. Machi 1941, wakati sheria ya Marekani ya Lend-Lease, ya kuwapa washirika silaha na chakula, ikipita, kampuni ya Kiingereza ya Courtaulds ilishinikizwa kuuza American Viscose, kampuni yake kubwa ya nyuzi za rayoni huko Marekani. Iliuzwa kwa bei ya kutupa. Wafanyabiashara wa Marekani nao walinung'unika kwamba msaada huo unamlisha mshindani wao. Juu ya yote kulikuwa na ushuru wa upendeleo ndani ya himaya ya Uingereza, yaani bidhaa za himaya kutozwa kidogo kuliko za nje, uliokubaliwa Ottawa, Kanada, mwaka 1932, ambao Washington haikutaka hata kuusikia.

Kwa hiyo watangazaji wa Berlin hawakuwa na haja ya kutunga mengi. Waingereza waliambiwa kuwa Marekani inangoja kurithi himaya yao. Wamarekani, kuwa wanatolewa kafara kuilinda himaya hiyohiyo. Ukiziweka pamoja, hoja hizo zinagongana: Mmarekani ni mnyang'anyi au ni mjinga anayetumiwa? Lakini kila upande ulilengwa na yake, na ugomvi wenyewe ulikuwa wa kweli. Uongo ulikuja mwishoni, pale msikilizaji alipoelekezwa kuamini kwamba mwenye kushindana nawe sokoni hawezi kuwa mwenzako vitani.

Kukanusha tu kusingesaidia. Naona lililofaa zaidi ni hatua ya London ya Septemba 1941: iliahidi kwa maandishi kutotumia vifaa vya Lend-Lease kutengenezea bidhaa za kuuza nje. Manung'uniko yakapata jibu linaloweza kukaguliwa.

Ushindani haukuisha. Agosti 1945, Japani ilipokwisha kusalimu amri, Marekani ilikata Lend-Lease ghafla, kisha ikaikopesha Uingereza dola bilioni 3.75 kwa masharti magumu ya biashara na fedha. Deni hilo lilimalizwa kulipwa Desemba 2006, na muda wote huo nchi hizo ziliendelea kuwa washirika.