Hortense Schneider: soprano aliyeibeba opereta ya Paris

Ninapofundisha historia ya opereta, yaani mchezo mwepesi wa kuchekesha unaochanganya nyimbo na mazungumzo, huanza na Hortense Schneider, ingawa tukimpima kwa nota za juu peke yake, kama masoprano (waimbaji wa kike wa sauti ya juu) wanavyopimwa kwa kawaida, hatutaelewa alichowafanyia watazamaji wake. Alizaliwa Bordeaux mwaka 1833, baba yake akiwa fundi cherehani, akaanza kuimba opera katika mji mdogo wa Agen. Mwaka 1855 alihamia Paris, na mtunzi wa opereta Jacques Offenbach akampokea Bouffes-Parisiens, ukumbi mdogo aliokuwa ndiyo kwanza ameufungua.

Wakati huo kila ukumbi ulipewa leseni ya aina fulani ya maonyesho, na ile ya Offenbach ilimruhusu mwanzoni wahusika wachache mno jukwaani. Katika michezo hiyo ya tendo moja hapakuwa na kwaya kubwa ya kumsitiri mwimbaji. Kila neno lilipaswa kusikika, na mzaha uliochelewa kidogo tu ulikuwa umeharibika. Naamini hapo ndipo alipojifunza ufundi wake hasa, yaani kuimba kana kwamba anazungumza na mtu mmoja aliyeketi mbele yake.

Mwaka 1864 serikali ya Napoleon wa Tatu iliufuta mfumo huo wa leseni, na Théâtre des Variétés, uliojulikana kwa vichekesho, ukaweza kuonyesha opereta kamili. Desemba mwaka huohuo Schneider aliigiza humo La belle Hélène ya Offenbach, kisha zikafuata nyingine zake: Barbe-bleue mwaka 1866, La Grande-Duchesse de Gérolstein mwaka 1867 na La Périchole mwaka 1868. Kwangu mimi hiyo ya mwisho ndiyo inayomweleza vizuri zaidi. Katika tendo la kwanza msichana mwenye njaa anamwandikia mpenzi wake barua ya kumuaga, kwa wimbo wa taratibu usio na madoido, na muda mfupi baadaye anarudi amelewa, akiwaomba watu wasimtangaze. Offenbach hakumwekea mikwezo ya sauti ya kuwastaajabisha watu. Alimpa nafasi ya kutua, kushusha pumzi na kulipima neno.

Mwaka 1867 Paris ilikuwa na Maonyesho ya Dunia, na watawala waliokuja kuyatembelea, akiwemo Tsar Alexander wa Pili, walikwenda pia kumtazama Schneider katika La Grande-Duchesse, akiigiza mtawala wa nchi ndogo anayempandisha cheo askari wa kawaida kwa sababu tu amempenda. Maafisa wa udhibiti walimkataza kuvaa utepe wa nishani, ingawa nishani yenyewe ilikuwa ya kubuni, jambo lililomkasirisha sana. (Udhibiti wa aina hiyo, nadhani, huusifu mchezo kuliko mhakiki yeyote.)

Vita vya 1870 kati ya Ufaransa na Prussia viliuangusha utawala wa Napoleon wa Tatu na kuupunguza mno mvuto wa kicheko cha enzi hiyo. Schneider aliimba St. Petersburg, akarudi Variétés mwaka 1874 katika La Périchole iliyopanuliwa, na kufikia mwisho wa muongo huo alikuwa ameacha jukwaa, fonografu, mashine ya kurekodi sauti, ikiwa ndiyo kwanza imevumbuliwa. Alifariki Paris mwaka 1920, miaka 40 baada ya Offenbach. Anayetaka kukadiria uimbaji wake amsikilize mwimbaji Mfaransa Régine Crespin katika rekodi za miaka ya 1970 za La Périchole na La Grande-Duchesse, na azingatie zaidi namna konsonanti zinavyotamkwa kuliko ukubwa wa sauti.