Kwa nini kampuni ndogo ya Ulaya itafute mbia Mtwara?

Je, wajua kwamba korosho iliyookotwa Newala inaweza kubanguliwa India au Vietnam kabla ya kufika dukani Uholanzi? Sehemu kubwa ya korosho ya Mtwara na Lindi hupakiwa melini ikiwa ghafi. Kampuni ndogo ya Ulaya ingeweza kununua huko huko Asia, yaishe. Kinachoileta huku ni wateja wake, wanaouliza korosho imelimwa wapi na imepita mikono ya nani. Ghafi ikishachanganywa, jibu limepotea. Mbanguaji wa hapa anaujua mzigo wake mpaka AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ulikotoka.

Naye mbanguaji anabanwa na msimu. Minada ya stakabadhi ghalani, ambako korosho ya wakulima huuzwa ikiwa imehifadhiwa ghalani, huanza Oktoba, na baada ya miezi michache maghala ni matupu. Anayetaka kazi mwaka mzima lazima anunue mzigo wote wakati huo, na kilo moja ya korosho karanga, yaani iliyokwisha kubanguliwa, hula kilo nne hadi tano za ghafi. Pesa zinalala ghalani, na riba ya benki zetu ni nzito. Mbia akitanguliza sehemu ya malipo, akina mama wanabangua hata mwezi wa sita.

Halafu kuna ufundi. Ganda lina mafuta yanayounguza ngozi, na ule utando wa ndani huondolewa kwa kisu kidogo, punje kwa punje. Daraja la W320 maana yake ni korosho nzima, nyeupe, zipatazo 320 kwa ratili moja, yaani gramu 454. Kisu kikiteleza, nzima imekuwa kipande na bei imeshuka. Mbia anayekuja kusimama kwenye meza hiyo, kwangu mimi, anazidi mashine kumi.

Mashine tulishaletewa. Miaka ya 1970 vilianza kujengwa viwanda vikubwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia na teknolojia ya Italia na Japani. Lakini mavuno ya nchi yaliporomoka kutoka tani zipatazo 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya 20,000 msimu wa 1986/87, na vingi vikasimama. Waliouza mashine walikuwa wameshalipwa. Mbia wa kweli huumia pamoja nawe, na hilo huonekana kwenye mkataba: kontena likikataliwa Rotterdam kwa sumukuvu, ile sumu itokanayo na ukungu, hasara ni ya nani?