Je, wajua kwa nini kampuni inayowajali wapenzi wa jinsia moja humfadhili mwanasiasa anayewapinga?

Mwaka 2010, Target, kampuni ya maduka yenye makao makuu Minneapolis, Marekani, ilikuwa na jina zuri kwa wafanyakazi wake wapenzi wa jinsia moja. Shirika la Human Rights Campaign, linalowapima waajiri kwa jinsi wanavyowatendea watu hao, lilikuwa limeipa alama 100 kwa 100. Mwaka huohuo, kampuni hiyohiyo ilitoa dola 150,000 kwa MN Forward, kikundi kilichokuwa kikimpigia debe Tom Emmer, mgombea ugavana wa Minnesota aliyepinga waziwazi ndoa za jinsia moja.

Iliwezekanaje?

Mlango ulifunguliwa Januari 21, 2010, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua kesi ya Citizens United kwa kura 5 dhidi ya 4. Tangu 1907 kampuni zilikatazwa kumchangia moja kwa moja mgombea wa ngazi ya taifa, na katazo hilo lipo hadi leo. Lakini baada ya hukumu hiyo, kampuni inaweza kumwaga pesa isiyo na kikomo kumfanyia mtu kampeni, ilimradi isipange mambo pamoja naye. Ndiyo maana pesa hupitia kwenye vikundi.

MN Forward yenyewe ilizungumzia ajira na kodi, na Target ilijitetea kwa hoja hiyo: tulitazama biashara tu. Naamini walisema kweli, na hapo ndipo lilipo jibu. Mgombea hakatwi vipande. Aliyelipia msimamo wake wa kodi amelipia na msimamo wake wa ndoa, apende asipende. Mara nyingi pesa hizi hazisukumwi na chuki. Wanaoamua wapi ziende hupiga hesabu ya faida, na haki ya mfanyakazi kumwoa ampendaye haimo kwenye hesabu hiyo. Kwangu mimi, kusahauliwa namna hiyo kunauma.

Wateja walijuaje? Sheria ya Minnesota ilivitaka vikundi vya aina hiyo viwataje wachangiaji wao. Mama mmoja mwenye mwana shoga aliingia dukani, akanunua bidhaa, akazirudisha zote, kisha akaikata kadi yake ya Target mbele ya kamera. Wengine wakasusia. Agosti hiyo mkurugenzi mkuu, Gregg Steinhafel, akawaandikia wafanyakazi kuwaomba radhi. Lakini yapo mashirika mengi ya kisiasa Marekani yasiyolazimika kuwataja hadharani wanaoyachangia. Pesa ikipita huko, mama yule hana hata cha kurudisha dukani.

Emmer alishindwa kwa kura zisizofika 9,000, kati ya zaidi ya milioni 2 zilizopigwa. Aliyemshinda, Mark Dayton, ndiye aliyetia saini sheria ya kuruhusu ndoa za jinsia moja Minnesota, Mei 2013.