Baiskeli ya mlima yenye shokapu mbili: kilo 15 si kosa

Kwa fremu ya alumini, shokapu zenye mwendo (umbali zinaobonyea) wa milimita 130 hadi 150, na bei ya dola 2,000 hadi 3,500 za Marekani, tarajia kilo 14 hadi 16. Za mbio, zenye mwendo wa milimita 100 hadi 120, huwa karibu na 13. Za kuteremkia miamba, 160 kwenda juu, hufika 16 au 17 na wala si kasoro.

Uzito unaoandikwa na watengenezaji mara nyingi ni wa baiskeli isiyo na pedali. Pedali pana za alumini ni gramu 350 hadi 450 kwa jozi. Basi ipime mwenyewe: simama kwenye mizani ya bafuni ukiwa umeibeba, kisha utoe uzito wako. Mizani ya kununulia kahawa yenye alama za nusu kilo haitakusaidia, maana tofauti tunazozitafuta ni za gramu 200 au 300.

Sasa hesabu ya mlima. Mwendeshaji wa kilo 70, baiskeli 15, maji na vifaa 3: jumla 88. Ukipunguza kilo moja, mpando mkali wa saa nzima kuelekea Kapchorwa, kwenye Mlima Elgon nchini Uganda, utaupunguza kwa sekunde 40 hivi. Ndiyo maana sioni sababu ya kulipa mara mbili kwa ajili ya fremu ya kaboni, ambayo kwa kawaida huokoa nusu kilo au zaidi kidogo.

Anza na magurudumu. Baiskeli nyingi za bei hii huja na tyubu ndani, hata kama ringi na tairi zinaweza kufanya kazi bila tyubu. Tyubu ya inchi 29 ina gramu 200 hadi 250. Zitoe zote mbili, hakikisha utepe wa ringi hauna tundu, pachika valvu za bila tyubu, mimina mililita 100 hadi 120 za dawa ya kuziba pancha kwenye kila tairi. Utaokoa kama robo kilo, na miiba midogo haitakusimamisha tena njiani. Dawa hukauka haraka kwenye joto letu. Ichungulie kila baada ya miezi miwili.

Usikimbilie tairi nyembamba za gramu 750. Kwenye mawe ya Elgon ukuta wa tairi huchanika pembeni, pale ambapo dawa haizibi, na utarudi mjini Sipi kwa miguu. Tairi la nyuma la gramu 1,000 au zaidi nalihesabu kuwa uzito halali. Vivyo hivyo nguzo ya kiti inayoshuka kwa kubonyeza: gramu 300 au 400 zaidi ya ile ya kawaida, lakini kwenye mteremko wenye matope mekundu utaishukuru.

Uzito wa kuogopa ni ule wa baiskeli za rahisi za fremu ya chuma, kilo 17 hadi 19, zilizofungwa springi nyuma kwa sura tu. Kandamiza kiti kwa nguvu, uachie ghafla. Kikirudi kwa pigo na kuendelea kudunda, ndani hamna mafuta ya kupunguza mwendo. Kila kanyagio la kupanda litamezwa na springi. Kikirudi taratibu na kutulia mara moja, hiyo ni shokapu ya kweli.