Je, wajua kwa nini mwendo wa kijana hauwezi kukuambia anavutiwa na nani?

Swali hili huulizwa kwa minong'ono, na mara nyingi anayelihitaji jibu ni kijana mwenyewe. Mvulana wa kidato cha pili pale Malindi ana sauti nyembamba, hapendi mpira, hujipenda na hutaka nguo zake ziwe zimepigwa pasi. Tangu shule ya msingi wenzake humwita "dada". Sasa anajiuliza: kama kila mtu ananiona hivyo, pengine ndivyo nilivyo? Msichana wa Shela, kule Lamu, hucheza mpira mchangani kila alasiri, anaitwa jikedume, naye ana swali hilohilo. Na yupo wa tatu, ambaye hakuna anayemdhania lolote. Huyu ni namba tisa wa timu, sauti imeshakuwa nzito, mwendo wa kiume, lakini anayemkosesha usingizi ni mvulana mwenzake. Hujiambia haiwezekani, maana mashoga anaowaona wakiigizwa kwenye vichekesho vya simu hafanani nao hata chembe.

Wote watatu wanapimwa kwa kipimo kimoja kibovu.

Jinsi mtu anavyotembea, anavyoongea na anavyovaa ni jambo moja. Moyo wake unavutwa na nani ni jambo la pili. Anachokitenda ni la tatu. Sisi huyatia yote katika kapu moja, tukalifunga kwa neno la matusi.

Itazame Lamu yenyewe. Mgeni kutoka bara akishuka boti ya Mokowe, haupiti muda atawaona wanaume wawili watu wazima wakitembea wameshikana mikono, mmoja akimsimulia mwenziwe habari za bei ya mafuta ya mashua. Siku ya Idi atawaona vijana wamepaka wanja, kanzu zinanukia udi. Wakati wa Maulidi atawaona wanaume wamepanga safu wakicheza goma, bakora mkononi, wakiyumba polepole kwa maringo ambayo kwingineko yangeitwa ya kike. Yupo mwanamume anayekaa mlangoni siku nzima akishona kofia kwa sindano, tundu kwa tundu. Hakuna Mlamu anayeyaona haya akashtuka. Lakini kijana huyohuyo akienda chuo Nairobi na kumshika mkono rafikiye njiani, ataambiwa auachilie haraka. Mkono ni uleule. Kilichobadilika ni macho ya watazamaji.

Na mapishi je? Biriani ya harusi, yale masufuria ya kuchochewa kwa mwiko mrefu, ni kazi ya wanaume, na hoteli za Malindi zimejaa wapishi wanaume waliosomesha watoto kwa kuwapikia tambi watalii wa Kitaliano. Lakini mvulana akikanda unga wa mahamri jikoni kwa mamake, anachekwa. Ni wapi kati ya sufuria ya harusi na karai la nyumbani uanaume unapodondoka, sijaelezwa bado.

Sauti nayo ina kisa chake. Wakati wa balehe, homoni ya testosteroni hulikuza koromeo la mvulana na kuzifanya nyuzi za sauti kuwa ndefu na nene, ndipo sauti inapokwaruza kisha ikashuka. Kwa wengine hutokea mapema, kwa wengine huchelewa, na urefu wa nyuzi hizo hutofautiana kama urefu wa vidole. Lahani, yaani kupandisha na kushusha maneno, huigwa. Mvulana aliyelelewa na bibi na shangazi watatu huongea kama waliomlea. Hakuna katika hayo linalotaja mapenzi.

Wataalamu nao waliwahi kudhani wana jicho la kutambua. Mwaka 1957 mwanasaikolojia wa Marekani, Evelyn Hooker, aliwapa vipimo vya kisaikolojia wanaume 30 wanaovutiwa na wanaume wenzao na wengine 30 wanaovutiwa na wanawake, akiwalinganisha kwa umri, elimu na akili. Kisha akayapeleka majibu yao bila majina kwa mabingwa wa vipimo hivyo, akiwataka wawatenganishe. Walishindwa. Kubahatisha kungefika palepale. Miaka mingi baadaye, Desemba 2009, Gareth Thomas, aliyekuwa nahodha wa raga wa Wales na aliyeichezea nchi yake mechi 100, alisema hadharani kwamba anavutiwa na wanaume. Raga si mchezo wa watu wa kudeka. Namba tisa wetu angemsikia huyo, pengine angepumua kidogo.

Atatokea mtu wa kusema, lakini mbona wengine unawaona wazi? Nitamjibu kwa hesabu, na tarakimu ni za mfano tu. Chukua shule ya wavulana 400. Tuseme 20 kati yao wanavutiwa na wavulana wenzao, na nusu yao, yaani 10, wana hiyo sauti laini inayoitwa dalili. Katika 380 waliobaki, tuseme mmoja kwa kila kumi ana sauti hiyohiyo. Hao ni 38. Ukiwakusanya wote wenye "dalili" utapata 48, na 38 kati yao utakuwa umewasingizia. Wakati huohuo wale 10 wasio na dalili wako uwanjani wanashangiliwa. Mpelelezi wa aina hii anakosea mara nyingi kuliko anavyopatia, lakini yeye hukumbuka alizopatia tu.

Haki isemwe: dhana hii haikutoka hewani kabisa. Watafiti wakiwauliza watu wazima habari za utoto wao, wanaovutiwa na jinsia yao husema kwa wastani kwamba michezo yao ya utotoni ilitofautiana na ya wenzao. Lakini wastani ni wa kundi, si wa mtoto wa Bi fulani. Wasichana wa pwani wanaopiga mpira wanajua hili. Kilifi lipo shirika la Moving the Goalposts, ambalo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 limewaingiza wasichana wengi uwanjani, na mpira ukiisha kila mmoja hurudi kwao na moyo wake ule aliokuja nao.

Sasa turudi kwa kijana anayejiuliza. Hisia hizi huanza mapema kuliko wazazi wanavyofikiri. Mwaka 1996 Martha McClintock na Gilbert Herdt walionyesha kwamba watu wengi, wa kila mwelekeo, huukumbuka mvuto wao wa kwanza kwenye umri wa karibu miaka 10. Walihusisha jambo hilo na tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, ambazo huamka kabla ya balehe yenyewe kuonekana. Kwa hiyo wa miaka 14 anaposema amehisi kitu, si lazima awe ameiga kwenye TikTok.

Lakini kuhisi si sawa na kujua. Marekani kuna uchunguzi mkubwa ulioanza 1994, ukawafuata wanafunzi hadi ukubwani na kuwauliza tena na tena wanavutiwa na nani. Baadhi ya majibu yalibadilika sana baada ya miaka, hasa ya waliosema wanavutiwa na jinsia yao, hata watafiti wengine wakashuku kwamba wapo vijana waliojaza fomu kwa mzaha. (Aliyewahi kusimamia darasa la kidato cha pili hatashangaa.) Wengine mvuto wao ulibaki vilevile tangu mwanzo. Kumhusudu kaka mkubwa wa shule, kutamani mwili kama wake, kumwonea wivu rafiki akipata rafiki mwingine, yote haya hutokea katika umri huo na yanaweza kuwa na maana zaidi ya moja. Kijana hana deni la kujipa jina wiki hii, na mtaa hauna haki ya kumpa.

Chanzo cha mvuto huu ni nini? Mwaka 2019 wanasayansi walipitia jeni za watu karibu nusu milioni. Hawakukuta jeni moja ya kuamua mambo haya. Walikuta mchango mdogomdogo wa jeni nyingi, pamoja na mambo mengine ambayo hayajafumbuliwa, na hakuna kipimo cha damu kinachoweza kumtabiria mtu. Wataliano wa Malindi hawakutajwa popote. Nasema hivi kwa sababu kwetu kijana akivaa suruali ya kubana na kipuli husemwa "kaharibiwa na wazungu", kana kwamba moyo huambukizwa ufukweni.

Wengine husema ni jini. Huletwa kombe, yaani maandishi ya aya yaliyooshwa ili ayanywe, hupelekwa kijana kwa mganga, au huozwa haraka ili "apone". Shirika la Afya Duniani liliondoa kuvutiwa na jinsia yako katika orodha ya magonjwa tarehe 17 Mei 1990. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilipoupitia utafiti uliokuwapo mwaka 2009, hakikupata ushahidi wa kuaminika kwamba tiba za kubadili mvuto wa mtu hufanya kazi, kikaonya kwamba zinaweza kudhuru. Na binti wa watu aliyeozwa kama dawa, nani anamuuliza yeye?

Dhana ya hatari zaidi ni ile inayosema mvulana aliyelawitiwa ndiye "huwa hivyo". Ulawiti wa mtoto ni jinai ya mtu mzima. Haumwambii mtoto yeye ni nani. Nami naona dhana hii humlinda mhalifu kuliko kitu kingine chochote, maana mvulana anayejua akisema ataitwa majina, hunyamaza. Anayehitaji msaada anaweza kupiga 116, simu ya watoto Kenya, bila malipo, saa yoyote.

Katika dini, wengi wa Lamu na Malindi ni Waislamu, wengine ni Wakristo, na hukumu ya dini kuhusu tendo inajulikana, siijadili hapa. Lakini ipo hadithi mashuhuri kwamba Mwenyezi Mungu ameusamehe umma huu yanayopita nafsini maadamu hayajatendwa wala kutamkwa. Na Suratul Hujurat, aya ya 11 na 12, inakataza kudharauliana, kuitana kwa majina ya kejeli, dhana nyingi na kupelelezana. Anayemwita mtoto wa jirani "dada" huku ametoka msikitini angeanzia hapo.

Sheria ya Kenya nayo inahusu vitendo. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, chenye asili katika sheria za wakoloni wa Kiingereza, kinaweza kumfunga mtu miaka 14, na cha 165 miaka 5. Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta tarehe 24 Mei 2019. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inamlinda yeyote aliye chini ya miaka 18 dhidi ya kuguswa kingono, awe mvulana au msichana. Hakuna kifungu kinachoadhibu hisia, sauti au mwendo. Hata kuupekua mwili hakusaidii: mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa iliyokaa Mombasa ilisema kuwalazimisha washukiwa vipimo vya mwili kutafuta "ushahidi" ni kinyume cha haki zao.

Uvumi hausubiri ushahidi, hata hivyo. Februari 2010 huko Mtwapa, katika Kaunti ya Kilifi ya leo, zilienea habari kwamba wanaume wawili wanaoana. Umati ukakizingira kituo cha afya cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, watu wakapigwa kwa kudhaniwa tu. Harusi yenyewe haikuwapo. Siku hizi umati hauhitaji barabara. Picha ya mvulana ikitiwa katika kundi la WhatsApp la mtaa na maneno mawili chini yake, kabla ya magharibi imeshafika Lamu na Mombasa.

Basi mzazi afanyeje kijana akimjia na kusema, "Mama, sijielewi"? Kwanza asimuulize ni nani aliyemfundisha. Amsikilize mpaka amalize, ajue kama kuna mtu anayemsumbua au anayemtishia kusambaza picha zake, maana hilo ndilo la dharura. Asiipeleke habari kwa shangazi wala kwa ustadhi bila ruhusa ya mtoto. Kama kijana hapati usingizi, hataki kula, au anasema amechoka kuishi, aende naye hospitali siku hiyohiyo akaonane na mshauri wa afya ya akili, na njiani wasiongee habari za ndoa.